Nikimpulizia mtoto wa jirani dawa ya kifafa, sheria ya Minnesota itanilinda?

Mkaa Baridini aliuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu, na heri kwa wote msiotumia salamu hiyo.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na sasa naingia mwaka wa 14 nikiishi katika kitongoji kimoja kaskazini mwa Minneapolis. Kila Jumamosi na Jumapili huwachukua watoto saba wa majirani kwa gari langu, nikawapeleka madrasa asubuhi na mazoezi ya kandanda baada ya adhuhuri, kisha nikawarudisha makwao. Sina ujira katika jambo hili. Nilianza kwa sababu wajukuu wangu wawili wamo katika kundi hilo na viti vya nyuma vilikuwa vikienda vitupu.

Wiki iliyopita mama wa mmoja wa watoto hao, mvulana wa miaka tisa, alikuja hadi mlangoni kwangu akiwa na kiboksi mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanawe ana kifafa na kwamba tangu mwezi wa Agosti mishtuko yake imekuwa ikirefuka. Ndani ya kiboksi mlikuwa na vidude viwili vyeupe vya plastiki, kila kimoja ndani ya pakiti yake, na ubavuni imebandikwa lebo ya duka la dawa yenye jina la mtoto na maneno Valtoco, miligramu 10. Pamoja nacho alinipa karatasi iliyotiwa saini na daktari, yenye picha ya mtoto pembeni juu, ikieleza kwamba mshtuko ukifika dakika tano bila kukoma nimpulizie dawa katika tundu moja la pua na nipige simu 911.

Nilipokea, kwani sikujua nimkataeje mama aliyesimama kwenye theluji na kandambili. Lakini tangu siku hiyo silali vizuri. Mke wangu ananiambia kwamba katika nchi hii mtoto wa mwenzio hapewi hata panadoli, seuze dawa ya kupuliza puani, na kwamba likitokea la kutokea, mama huyuhuyu anayenishukuru leo ndiye atakayeniketisha mbele ya jaji kesho. Nami nakumbuka jambo nililoliona kwa macho yangu zamani, nilipokuwa nikifanya usafi katika shule moja ya jimbo hili: binti alianguka koridoni, watu wazima wanne wakamzunguka, na hakuna aliyemgusa kwa sababu muuguzi wa shule alikuwa amekwenda jengo la pili na wao walikuwa wanaogopa kesi. Sijui hata leo yule binti alikaa sakafuni muda gani, ila nilikuwa nimesimama na fagio langu nami nikiogopa vilevile.

Basi naomba wenye elimu wanisaidie. Mtu kama mimi, asiye daktari wala muuguzi, akimpa mtoto dawa iliyoandikwa na daktari kwa ajili ya dharura kama hii, kisha mtoto akadhurika, je, sheria inamlinda? Na je, kuipokea dawa mapema na kukubali kuitumia hakunitoi katika kundi la wapita njia ambao nasikia ndio wanaolindwa?

Binti Mvita alijibu:

Shikamoo mzee. Ninafanya kazi kama msaidizi wa sheria katika ofisi ya mawakili hapa St. Paul. Mimi si wakili, kwa hiyo yachukue haya kuwa maelezo ya sheria iliyochapishwa, si ushauri kuhusu shauri lako.

Kifungu unachokitafuta ni 604A.01 cha sheria za Minnesota, ambacho watu hukiita sheria ya Msamaria Mwema, na kina mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. La kwanza ni wajibu. Aliyepo mahali pa dharura, akijua kwamba mtu mwingine yumo katika hatari ya kuumia vibaya, anatakiwa ampe msaada wa kadiri, almuradi hajihatarishi yeye mwenyewe wala wengine, na sheria inasema kwamba hata kuita polisi au wahudumu wa afya kunaweza kuhesabiwa kuwa msaada huo. Anayepuuza anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 300. Majimbo mengi ya Marekani hayana wajibu wa namna hii kabisa. Vermont ni mojawapo ya machache yaliyo nao, na faini yake haivuki dola 100. Kwa hiyo wale wanne waliosimama koridoni, mzee, katika jimbo hili walikuwa wamekosea kuogopa kutenda kuliko kutotenda.

La pili ndilo kinga yenyewe. Mtu anayetoa huduma, ushauri au usaidizi wa dharura mahali pa tukio, au njiani kuelekea penye matibabu, bila malipo na bila kutarajia malipo, hadaiwi fidia kwa alichokitenda wala kwa alichoacha kukitenda wakati wa kusaidia, isipokuwa awe ametenda kwa kusudi ovu na kutojali, au kwa kuhatarisha waziwazi. Uzembe wa kawaida, ule wa mkono kutetemeka au kuhesabu dakika vibaya kwa hofu, haumwondolei kinga.

Swali lako la wapita njia ni zuri, na jibu lake limo katika neno moja. Sheria haisemi mpita njia wala mgeni, inasema mtu. Haiulizi kama ulimjua mgonjwa kabla, wala kama ulikuwa umebeba dawa. Inauliza kama ulilipwa, kama palikuwa mahali pa dharura nje ya hospitali au kliniki, na kama ulitenda kwa kutojali. Na msidhani kwamba kushikilia neno moja namna hii ni kupenda ubishi. California ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza ya aina hii mwaka 1959, kwa ajili ya madaktari, kisha ikaipanua iwafikie watu wengine. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba kinga ilivyoandikwa wakati ule iliwahusu wanaotoa huduma ya kitabibu tu, na kwa hiyo mtu aliyemvuta mwenzake kutoka kwenye gari lililogonga angeweza kudaiwa. Bunge lao likalazimika kurekebisha maneno mwaka uliofuata ili huduma isiyo ya kitabibu nayo iingie. Minnesota imeandika huduma, ushauri au usaidizi, maneno mapana yasiyoacha mwanya wa aina ile, na kumpulizia mtoto dawa aliyoandikiwa na daktari wake hakuna namna ya kukosa kuwa mojawapo ya hayo matatu.

Nina tahadhari mbili. Kinga hii ni ya madai ya fidia. Haimzuii mtu kufungua shauri. Inampa mdaiwa hoja ya kulimaliza. Tahadhari ya pili watu huisahau. Dawa hiyo ni diazepamu, nayo imo katika orodha ya nne ya dawa zinazodhibitiwa na sheria ya shirikisho, ambayo inapomtaja mtumiaji wa mwisho humaanisha mwenye dawa au mtu wa nyumbani mwake. Wewe si mtu wa nyumba ile. Ningekuwa wewe nisingeiweka dawa katika droo ya gari langu wiki nzima. Ningemwomba mama aifunge katika mkoba wa mtoto mwenyewe, ndani ya kiboksi chake na lebo yake, pamoja na ile karatasi. Mtoto akipanda gari, dawa yake inapanda naye, na akishuka inashuka naye. Hapo unabaki na jambo moja tu la kutetea, nalo ni mkono wako ulipotenda wakati wa dharura, na hilo ndilo sheria inalolikinga.

Kaa Chonjo alijibu:

Mzee wangu, mimi nasema rudisha kiboksi kwa heshima na umshukuru mama kwa kukuamini.

Dada Binti Mvita ameeleza vizuri, lakini yeye mwenyewe amekiri kwamba kinga haizuii mtu kushtaki. Nani atamlipa wakili hadi hiyo hoja ikubaliwe? Pili, amekiri kwamba kupiga simu kunaweza kutosha kuwa msaada. Basi piga simu. Unaishi mjini, gari la wagonjwa linafika. Tatu, mimi nimekunywa vidonge vya jamii hiyo baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti, najua vinavyomlegeza mtu mzima hadi pumzi ikawa nzito, na sasa unataka kumpa mtoto wa miaka tisa ambaye tayari anapumua kwa shida. Na la mwisho ni kwamba kabla ya kupokea kiboksi ulikuwa mtu wa kawaida, ila baada ya kukipokea umeahidi. Siku ukisahau kuutazama mkoba, au ukachelewa kwa sababu gari lilikuwa katikati ya barabara kuu, atakayekulaumu atasema uliahidi na hukutenda, na hilo ni baya zaidi kuliko kutoahidi.

Sisemi hivi kwa ukosefu wa huruma. Nimewaona wenye huruma wakiumia.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku alijibu:

Ndugu Kaa Chonjo amegusa jambo la kweli kuhusu ahadi, na nitalirudia mwishoni, lakini kuhusu pumzi amekosea, na ni kosa linalorudiwa sana kiasi kwamba ninaomba ruhusa nilieleze kwa urefu.

Ni kweli kwamba diazepamu inaweza kupunguza kasi ya kupumua, hasa ikichanganywa na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, na onyo hilo limeandikwa katika maelezo ya dawa yenyewe. Kinachosahaulika ni kwamba mshtuko usiokoma nao huondoa pumzi. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika San Francisco, ambako wahudumu wa magari ya wagonjwa waliwapa watu wazima 205 waliokuwa katika mshtuko mrefu ama diazepamu, ama lorazepamu, ama maji tu yasiyo na dawa, bila wao wenyewe kujua wanatoa kipi. Matatizo ya pumzi au ya mzunguko wa damu yaliwapata karibu asilimia 10 ya waliopewa mojawapo ya dawa hizo mbili, na asilimia 22.5 ya waliopewa maji. Naam, wasiopewa dawa ndio waliopata shida zaidi. Wale walikuwa watu wazima na dawa ilipitia mshipani, kwa hiyo takwimu hizo hazihamishiki moja kwa moja kwa mtoto na dawa ya pua, lakini zinatosha kumwondoa mtu katika imani kwamba kukaa bila kutenda ndiyo njia salama. Dakika tano si namba ya kubahatisha: mishtuko mingi hukoma yenyewe kabla ya hapo, na ule unaovuka hapo huwa mgumu kukoma pasipo dawa, na kadiri unavyozidi kukaa ndivyo dawa inavyozidi kushindwa. Gari la wagonjwa likifika katika dakika ya nane, mzee alikuwa na dakika tatu ambazo zilikuwa mikononi mwake peke yake.

Dawa hizi zilitengenezwa makusudi kwa ajili ya watu wasio wauguzi. Diazepamu ya jeli inayopitishwa njia ya haja kubwa imekuwapo Marekani tangu 1997, na hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi mwingi mashuleni, kwa sababu mwalimu gani atamvua mtoto nguo mbele ya darasa? Midazolamu ya kupuliza puani iliidhinishwa mwaka 2019 kwa wenye miaka 12 na zaidi, na hiyo yako, Valtoco, ikafuata Januari 2020 kwa kuanzia miaka sita. Njia ya pua iliondoa aibu, na majimbo mengi, Kentucky mwaka 2018, Texas mwaka 2019, Minnesota baadaye kidogo, yametunga sheria zinazotaka shule ziwe na watu waliofundishwa na mpango wa maandishi wa kila mwanafunzi mwenye kifafa. Gari la mzee halimo katika sheria hizo, lakini karatasi aliyopewa ni ya aina ileile, na thamani yake kisheria ni kubwa kuliko anavyodhani. Anayefuata maandishi ya daktari, kwa mtoto aliyetajwa, kwa kipimo kilichotajwa, baada ya muda uliotajwa, ni vigumu mno kumwita mtu asiyejali.

Kwa hiyo kutojali ni kupi? Ni kupuliza kidude cha pili kwa sababu cha kwanza kimekawia kufanya kazi, ilhali maelezo ya dawa hii yanataka saa nne zipite na daktari awe ameruhusu. Ni kumpa mtoto mwingine aliyeanguka dawa ya huyu. Ni kupuliza katika dakika ya kwanza kwa sababu umeogopa, ingawa hilo mimi ningeliita hofu. Tazama saa yako mara tu anapoanza; watu wote hudhani dakika mbili ni kumi. Mlaze ubavu, mlegezee kola, ondoa vitu vigumu karibu naye, na usimtie kitu kinywani. Najua kwetu tulilelewa na kijiko cha mti, kitunguu puani, na funguo kiganjani, na wengine bado wanakimbia povu wakiamini linaambukiza. Haliambukizi, na kijiko kinavunja meno. Kidude kile kina mpulizo mmoja tu, usikijaribu hewani kwanza, maana ukijaribu umekimaliza. Kikae ndani ya pakiti hadi wakati wa kukitumia.

Na mzee, dawa hiyo haitakiwi kugandishwa. Gari lililoegeshwa nje usiku mmoja wa Januari hapa Minnesota litaigandisha. Hiyo ni sababu nyingine ya kuiweka katika mkoba wa mtoto kama alivyosema Binti Mvita.

Kuhusu ahadi: Kaa Chonjo ana haki. Ukikubali, kubali kwa ukamilifu. Mpe mama masharti yako kwa maandishi, kwamba utatenda ukiwa umeegesha na si vinginevyo, na kwamba siku mkoba hauna kiboksi mtoto hapandi.

Mkaa Baridini aliandika:

Allah awalipe kheri nyote, na wewe Kaa Chonjo pia, maana umesema yaliyomo moyoni mwa mke wangu kwa ufasaha kuliko yeye.

Nimebaki na mafundo matatu. Baadhi ya wazazi hunipa dola kumi kwa wiki za petroli, je, hayo ni malipo? Pili, Jumamosi ijayo watoto wana mashindano Hudson, ng'ambo ya mto St. Croix, na hapo tayari ni Wisconsin. Tatu, mama yake anataka kumpeleka mtoto kwa bibi yake, Mombasa, mwezi wa Disemba, na ameniuliza kama bibi na wajomba wanaweza kumpulizia dawa hiyo bila kuingia matatani. Nilimwambia nitauliza.

Binti Mvita alijibu:

Dola kumi za petroli si ujira wa kumtibu mtoto. Kifungu cha Minnesota kinamwondoa katika kinga yule anayesaidia akiwa katika ajira yake ya kawaida na akilipwa au akitarajia kulipwa kwa msaada huo, na wewe haumo. Hata hivyo andika kwenye daftari kwamba ni za petroli, na zisizidi gharama.

Kuna ngao ya pili ambayo wengi hawaijui, nayo ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1997 ya kuwalinda wanaojitolea. Ikiwa madrasa au klabu ya kandanda imesajiliwa kama shirika lisilo la faida, na wewe umo katika orodha ya wanaojitolea wake, hudaiwi kwa uzembe wa kawaida ndani ya kazi uliyopangiwa, mradi hupokei zaidi ya kurudishiwa gharama, au kitu chenye thamani ya zaidi ya dola 500 kwa mwaka. Sheria hiyo inamlinda mtu, hailindi shirika, na ndiyo maana baadhi ya mashirika yanasita hata pale anayejitolea anapokuwa tayari. Zaidi ya hapo haigusi madhara yanayotokana na kuendesha gari. Kwa hiyo sharti la kuegesha alilolitaja dada muuguzi ni la usalama na la kisheria kwa pamoja: ukimpulizia mtoto dawa huku unaendesha na ukagonga, hutakuwa na pa kujificha. Waombe waliandike jina lako na kazi yako katika kumbukumbu zao.

Wisconsin nao wana kinga yao, iliyo katika kifungu cha 895.48, inayomhusu mtu yeyote anayetoa huduma ya dharura kwa nia njema mahali pa dharura au ajali. Haina wajibu wa kusaidia kama wa kwetu wa 604A.01, lakini kwa swali lako la kinga utakuwa salama pande zote mbili za mto. Usichukulie kwamba kila jimbo limeandika hivyo, kwani maneno hutofautiana, na mengine huwakinga wenye mafunzo fulani zaidi kuliko watu wengine. Safari ikiwa ya mbali zaidi, nisomee kwanza jina la jimbo.

Na kwa kuwa mtoto atapanda ndege: sheria ya mwaka 1998 kuhusu msaada wa kitabibu angani inamkinga abiria anayemsaidia mgonjwa ndani ya ndege katika mashauri yanayofunguliwa katika mahakama za Marekani, isipokuwa awe na uzembe uliokithiri au kusudi ovu.

Wakili wa Pwani alijibu:

Salaam kutoka Mvita. Mimi ni wakili hapa Mombasa na nitajibu fundo la tatu peke yake.

Huku msingi ni tofauti. Sheria yetu ya madai bado imeegemea sheria ya mapokeo ya Kiingereza, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama tuliirithi jinsi ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, pamoja na mambo yaliyojengwa juu yake baadaye. Katika mapokeo hayo mgeni hana wajibu wa jumla wa kumwokoa mgeni mwenzake, lakini bibi si mgeni kwa mjukuu aliyemo chini ya uangalizi wake. Yeye ana wajibu, na swali linakuwa kama aliutimiza kwa uangalifu ambao mtu wa kawaida angekuwa nao katika hali ile. Mahakama hailinganishi uangalifu wa dharura na ule wa mtu aliyetulia mezani.

Kinachowatia watu hofu ni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 243, kinachofanya kuwa kosa kumpa mtu dawa, au kumtibu mtu uliyejitwika kumtibu, kwa namna ya pupa au ya uzembe inayohatarisha uhai. Kisomeni hadi mwisho. Kosa haliko katika kutoa dawa. Liko katika namna ya kuitoa. Bibi mwenye karatasi ya daktari, aliyetazama saa, aliyepuliza mara moja na kumpigia simu mjomba alete gari, hana pupa wala uzembe. Na katika kanuni hiyohiyo, pale inapomtaka anayetoa matibabu awe na ujuzi na uangalifu wa kutosha, imetangulizwa kauli kwamba haimhusu aliye katika hali ya ulazima. Kauli hiyo fupi ndiyo Msamaria Mwema wetu, ingawa hakuna aliyewahi kumpa jina hilo.

Watu huku hutaja pia Katiba ya 2010, ibara ya 43, kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 iliyorudia jambo hilo. Hizo zitawafaa mkifika mlango wa hospitali na kuambiwa mtangulize pesa. Hazikuandikwa kwa ajili ya kumkinga bibi.

Ninachowaasa zaidi ni uwanja wa ndege. Diazepamu inadhibitiwa pia hapa, chini ya sheria ya mwaka 1994 ya mihadarati na dawa zinazoathiri akili. Isafiri katika kiboksi chake na lebo yake, pamoja na barua ya daktari yenye jina la mtoto kama lilivyo katika pasipoti, si jina la utani la nyumbani. Na ile karatasi ya maelekezo itafsiriwe kwa Kiswahili, iandikwe kwa herufi kubwa. Bibi asiposoma Kiingereza, karatasi ya Kiingereza haimlindi yeye wala mtoto.

Mkaa Baridini aliandika:

Nimeyasoma yote mara mbili, na mke wangu nimemsomea kwa sauti.

Jana mama na mtoto walikuja nyumbani. Tuliketi jikoni, tukaandika masharti kwenye karatasi moja: gari likiwa limeegeshwa tu, dawa katika mkoba wake, na bila kiboksi hakuna safari. Tukatia saini wote, na mke wangu akatia ya kwake kama shahidi ingawa hakuna aliyemwomba. Kisha tukafanya mazoezi. Mtoto alijilaza ubavu juu ya zulia, nami nikapiga goti nikishika kalamu badala ya dawa, nikatazama saa ya ukutani, na ncha ya kalamu ilipomkaribia pua akaangua kicheko hadi tukalazimika kuanza upya. Mara ya tatu alitulia. Kiboksi sasa kimo katika mfuko wa mbele wa mkoba wake, na mama amefunga utepe mwekundu kwenye zipu ili nisipapase.

Karatasi ya Kiswahili kwa ajili ya bibi nimeanza kuiandika. Nimekwama mahali pamoja: daktari ametaja mshtuko wa mwili mzima, na bibi yule huko Majengo huita kila kitu degedege. Dada muuguzi, nitumie neno gani ili asipulizie dawa mtoto akitetemeka kwa homa tu?